KINGA YAKO NYUMBANI: IFUNGE, LAKINI USIZIBE MLANGO

Ndugu mfanyakazi, kinga yako inakupeleka kazini na inabeba unga wa jamaa. Mwizi anaijua bei yake. Usiku ilale ndani ya nyumba.

1. Pitisha mnyororo wa kadena katika kadre na gurudumu la nyuma, ufunge kwenye chuma kilichojengwa ukutani. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, mwizi atalifungua na kukuachia hilo tu.

2. Geuza kinga juu chini: mara nyingi namba imepigwa katika kadre, karibu na pedali. Iandike, uitunze pamoja na fakture. Ikiibwa, utaonyesha kwamba ni yako.

3. Usiiegemeze mlangoni wala katika njia ya kutokea. Moto ukizuka, bibi na watoto watajikwaa gizani. Kila mtu nyumbani ajue mahali pa ufunguo wa mlango.

4. Iwe mbali na mbabula. Mpira unashika moto, na moshi wake ni sumu.

Leo jioni zima taa, utembee toka kitandani mpaka mlangoni. Ukigonga kinga, ihamishe kabla ya kulala.