Kumpeleka Mzazi Mkahawa Mkubwa wa Samaki

Watoto wengi wa pwani wakipata kazi nzuri hutamani siku moja kumtoa mama au baba, wakale kwenye meza ya kitambaa cheupe. Mimi nimebeba sahani kwenye mikahawa ya aina hiyo, kisha nikasimamia waliozibeba. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Mama anatimiza miaka 70. Nataka kumshtukiza kwa chakula cha usiku mahali pa kifahari. Waonaje?

Mshtukize kwa zawadi, si kwa mahali. Mtu mzima anataka kujua anakopelekwa ili ajue avae nini, ameze dawa saa ngapi, na kama kuna ngazi. Na ngazi zipo! The Rock, kule Michamvi Pingwe, Unguja, uko juu ya jiwe baharini: maji yakitoka mnafika kwa miguu, yakijaa mnavushwa kwa boti, na vyovyote iwavyo kupanda hakukwepeki. Ali Barbour's ya Diani imo ndani ya pango la matumbawe, mnashuka chini. Pazuri kweli, ila goti la miaka 70 halijali uzuri. Piga simu mapema. Uliza ngazi, uliza choo kiko upande gani, omba meza iliyo mbali na spika. Mimi ningechagua mchana. Menyu husomeka kwa jua kuliko kwa mshumaa.

Kamba mawe ameandikiwa "bei ya soko". Naona haya kuuliza mbele ya mama.

Haya hiyo utailipia. Uliza kama bei ni ya kilo au ya gramu 100, na kama hupimwa mbichi au akishapikwa. Kisha omba uletewe umwone kabla hajaingia jikoni. Mkahawa unaojiheshimu huleta sinia mezani bila kuombwa.

Kamba mawe wa bahari yetu hana magando makubwa kama wale wa kaskazini mwa Atlantiki. Nyama yake karibu yote iko mkiani, na uzito mwingi unaoulipia ni kichwa na ganda. Wa gramu 600 huenda akakupa gramu 200 hivi za kula. Ndiyo maana watu wawili huagiza mmoja, wakalipa fedha nyingi na wakarudi nyumbani kutafuta wali. Agizeni mmoja wa kuonja na changu mzima wa kushibia.

Mkiona neno Thermidor, hiyo ni nyama iliyotolewa gandani, ikachanganywa na sosi nzito ya maziwa na haradali, ikarudishwa na jibini juu. Jina linatokana na tamthilia ya Victorien Sardou iliyochezwa Paris mwaka 1891. Ni tamu, sikatai. Lakini kamba aliyetoka majini asubuhi kumfukia kwa jibini naona ni kumwonea. Mwombeeni moto wa makaa, ndimu na kitunguu saumu.

Mama alionja nguru akasema si wa leo. Weita akakana. Nimwamini nani?

Mama. Mtu aliyeparua samaki tangu utotoni anajua kuliko kijana aliyefundishwa menyu wiki iliyopita. Tatizo ni kwamba kipande kilichokatwa na kupikwa kimeshapoteza ushahidi wake: macho yaliyojaa, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Kimebaki na harufu na ladha tu.

Na hapa si suala la kudeka. Nguru, jodari na vibua wasipotiwa barafu mapema hujijaza histamini, na moto hauiondoi hata ukikaanga mpaka wakauke. Ulimi ukiwasha kama umeguswa na pilipili ambayo haimo, acha kula. Uso ukipata joto na kichwa kikaanza kugonga, usingoje kahawa, tafuteni daktari.

Wakati wa kusi mashua ndogo hazitoki kila siku, na samaki wa friji huingia jikoni. Samaki aliyegandishwa vizuri si aibu. Aibu ni kumwita wa leo. Kwa hiyo msianze na menyu. Ulizeni mashua zimeleta nini, na mwache mama aulize mwenyewe. Nimewahi kuona mpishi akitoka jikoni na changu wawili kwenye sinia, bibi mmoja akainua shavu la samaki kwa kidole, akatazama ndani, akamchagua yule mdogo. Mpishi hakubisha.

Baba ana jongo.

Basi kamba, kome na dagaa awaonje tu, kwa kadiri alivyoambiwa na daktari wake. Bia aiache kabisa.

Mama hali kwa uma. Hatachekwa?

Na nani? Kaa haliwi kwa uma na yeyote. Bakuli la maji yenye kipande cha limau ni la kunawia. Mwambie mapema asije akalinywa, au nawa wewe kwanza. Ukianza wewe kwa mkono, naye atakula kwa raha.

Sisi ni Waislamu. Nitajuaje kama sosi ina divai?

Uliza, wala usitosheke na "ni kidogo tu, inaisha kwenye moto". Kome na kamba wa sosi nyeupe mara nyingi hupikwa kwa divai, na wengi hutia brandi kwenye Thermidor. Omba upikiwe kwa nazi, kwenye sufuria nyingine.

Baba akiona bili atagomba mpaka meza ya tatu isikie.

Asiione. Kabla hamjaketi, kubaliana na meneja kwamba utalipia kaunta, kwa kadi au M-Pesa. Kenya, bei za menyu aghalabu huwa na VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 ndani yake. Mikahawa mingine huongeza ada ya huduma. Ada ikiwemo, bakshishi si lazima. Lakini weita aliyempa mzee wako shikamoo kabla ya kukupa wewe menyu, mpe mkononi. Na baba akiuliza kamba alikuwa bei gani, mtajie ya changu.