Shangazi, aliyemgonga mume wangu ni mtoto wa jirani



Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Langoni, Amu. Mume wangu ni mtu wa punda. Hubeba mchanga, mawe na simiti kutoka ufukoni mpaka kwenye majengo. Miezi mitano iliyopita, baada ya Magharibi, alikuwa akirudi na punda wake kutoka Wiyoni. Bodaboda iliyopakia abiria wawili, taa haiwaki, ikawagonga kwa nyuma. Mguu wake ulivunjika mahali pawili chini ya goti. Punda alivunjika kiuno, akafa. Mume wangu alipokewa hospitali ya King Fahd, kisha tukapelekwa Mombasa akatiwa chuma. Mpaka leo anatembea kwa magongo, na mimi ndiye ninayelisha nyumba kwa kuuza mahamri.

Kijana aliyemgonga ni mtoto wa jirani yangu. Mamake ndiye aliyenitia hina siku ya harusi yangu. Kwa kumsitiri, hospitalini tulisema mume wangu ameanguka, na polisi hatukwenda. Jamaa zake walinitumia shilingi 8,000 kwa M-Pesa. Sasa wameleta karatasi tuitie sahihi, imeandikwa kwamba kijana alimgonga kwa bahati mbaya, tumesameheana na hatutadai kitu. Wazee wanasema ni kadari. Mume wangu anasema tumwachie Mungu. Pikipiki si ya kijana, ina mwenyewe Mpeketoni, yeye humpelekea hesabu ya siku. Na kuna bwana mmoja amekuja na fomu, anataka 3,000 za kufungulia faili, anasema ana wakili Mombasa na tukilipwa tutagawana nusu kwa nusu. Nishike lipi?

Mwenye Mzigo, Langoni

*

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale uliposema mlimsitiri kijana hospitalini. Mlifanya hivyo kwa utu. Amu ndivyo ilivyo: ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na anayekukosea leo ndiye atakayebeba jeneza lako kesho. Lakini sitara ile imewakalia vibaya, na itabidi tuanze kuifumua kabla ya jambo lingine lolote.

Kwanza nikuondolee hofu iliyowafunga midomo nyote, wewe, mumeo na hao wazee. Mnadhani kudai ni kumshtaki mwana wa jirani mpaka nyumba ya mamake iuzwe. Sivyo sheria ilivyopangwa. Nchini Kenya pikipiki hairuhusiwi kutembea barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Sheria hiyo ni Sura ya 405, na ilitungwa kwa ajili ya balaa kama lenu, ambapo aliyeumiza hana kitu na aliyeumia hana kosa. Mwenye pikipiki hulipa ada ya bima, na mahakama ikishaamua, kampuni ya bima ndiyo hulipa, mpaka shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Basi kumsamehe kijana kwa karatasi ile kunaweza kuwa ni kuisamehe kampuni ambayo tayari imeshapokea pesa kwa kazi hiyo. Ujirani wenu haupati faida yoyote hapo.

Kwa hiyo usiitie sahihi. Wala usiichane. Ipige picha, uiweke. Umeniambia wao wenyewe wameandika kuwa kijana alimgonga; wakili ataangalia kama inafaa kutolewa mahakamani. Ujumbe wa M-Pesa wa zile 8,000 nao usiufute, maana una jina, tarehe na saa. Fedha zenyewe msione haya kuzipokea, ila wajulishe kwa maneno yaliyoandikwa kwamba mmezichukua kuwa msaada wa matibabu, na dai halijaisha.

Nina sababu ya kusema hivi kwa ukali. Kakangu aligongwa huko bara miaka mingi iliyopita, akaletewa karatasi kama hiyo kitandani, na nauli ya kurudi nyumbani. Akatia kidole. Mwaka uliofuata mguu ukaoza, akahitaji operesheni ya pili, na kila alipobisha hodi alionyeshwa alama ya kidole chake. Mwenye kovu usidhani kapoa. Chuma kilicho ndani ya mguu wa mumeo huenda kikahitaji kutolewa siku moja, na operesheni hiyo nayo ina gharama zake. Hakuna anayeweza kusamehe deni ambalo bado halijahesabiwa.

Sasa turudi kwenye yale maneno ya hospitalini. Daktari au muuguzi anapompokea majeruhi huandika jinsi alivyoumia, na kumbukumbu hiyo ndiyo wakili wa bima ataifungua mwanzo. Ikisema "ameanguka", atamwambia hakimu kwamba pikipiki imezuliwa baadaye kwa tamaa ya pesa. Nchi hii imejaa madai ya ajali za uongo, na kampuni za bima zimeumia nayo, hivyo usishangae ukitazamwa kwa jicho la shaka. Nenda ofisi ya kumbukumbu za hospitali, omba nakala za karatasi zote za siku ile, usome mwenyewe kilichoandikwa. Usimwombe mtu akubadilishie hata neno moja. Hilo litakuwa kosa jipya, na litaharibu hata ukweli wenu. Dawa ni kusema wazi, polisi na mbele ya hakimu: tulisema ameanguka kwa sababu tuliona haya kumtaja mtoto wa jirani. Hakimu wa Amu anaijua Amu. Kisha tafuta waliokuwapo. Wale abiria wawili ni akina nani? Nani alimwinua mumeo? Nani alimbeba mpaka hospitali? Punda alizikwa au kutupwa na nani? Hao ndio watakaosimama na neno lenu, nawe uwaendee sasa wakati wangali wanakumbuka.

Baada ya hapo, kituo cha polisi cha Amu. Najua mtaulizwa mlikuwa wapi miezi mitano. Jibuni vilevile, kweli tupu. Aliyetakiwa kuripoti zaidi ni mwendeshaji mwenyewe, tena ndani ya saa 24. Ajali ikiandikwa mtapewa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, na baadaye muombe abstrakti ya polisi, ile karatasi inayoonyesha namba ya pikipiki, mwenyewe, na bima yake. Mumeo atapewa pia fomu ya P3 ijazwe na daktari. Namba ya pikipiki ukiwa nayo, umiliki unaweza kutafutwa kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen. Fanyeni hivyo hata kama kijana amewaambia mwenyewe ni nani, maana pikipiki nyingi huuzwa mkono kwa mkono na logbuku ikabaki na jina la mtu wa kwanza.

Sitakuficha: polisi wanaweza kumshtaki kijana kwa kuendesha kwa uzembe. Alipakia wawili na sheria inaruhusu abiria mmoja. Taa haikuwaka. Kesi hiyo ni ya serikali na si yako, na fidia ni kesi nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo nataka ufanye jambo moja kabla hujafika kituoni. Nenda kwa mamake. Usitume mtu, nenda mwenyewe, kaa barazani kwake, umwambie ana kwa ana: "Dada, nyumba yenu siitaki. Naitaka bima ya ile pikipiki." Mwambie pia kwamba kijana na mwenye pikipiki wanatakiwa waiarifu kampuni ya bima wenyewe, na kwamba kadiri wanavyonyamaza ndivyo wanavyoipa kampuni sababu ya kuwatupa, na hapo ndipo mzigo utawaangukia kweli. Aliyekutia hina anastahili kulisikia hili kutoka kinywani mwako kabla ya kuliona kwenye samansi.

Huyu bwana wa nusu kwa nusu mfungie mlango. Wakili haruhusiwi kutuma watu wamtafutie majeruhi, na mapatano ya kugawana fidia, au ya "ukishinda ndipo unilipe", sheria ya mawakili ya Kenya haiyatambui. Anayekuja nyumbani na fomu tupu anataka sahihi ya mumeo, basi. Kesho ataiuza kwa mwingine, na siku bima itakapolipa mtakuwa wa mwisho kujua. Tafuta wakili umwone uso, ulithibitishe jina lake kwa Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana leseni ya mwaka huu, na ada yake iandikwe kabla hajaanza. Fidia ikilipwa, udai usidai, akupe hesabu kwa maandishi. Akikuchezea, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Fedha huna, najua. Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973 kuwasaidia wasiojiweza, kina ofisi Mombasa. Tangu 2016 iko pia Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayomlipia wakili asiyeweza kumudu. Na mahakama yenyewe inaweza kumruhusu maskini afungue kesi bila ada akiomba na kuthibitisha hali yake. Mahakama ya Amu ina uwezo wa kusikiliza dai lenu, hakuna haja ya kulipeleka Mombasa kwa sababu tu kuna mtu anamjua mtu huko. Wengi hukimbilia kwa Kadhi kwanza. Kadhi ni wetu na tunamheshimu, lakini Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, na fidia ya ajali haimo.

Muda mnao, ila si wa kuchezea. Dai la kuumizwa kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, nanyi mmeshatumia miezi mitano. Kampuni ya bima nayo lazima ipewe notisi kabla ya kesi au ndani ya siku 14 baada ya kufunguliwa. Mwulize wakili wako kuhusu notisi hiyo kwa kinywa chako. Wako walioshinda kesi wakakosa malipo kwa kuisahau.

Nilichokusudia kukwambia kwa kirefu zaidi ni risiti. Mahakama hutoa fidia ya maumivu kwa kulinganisha na majeraha ya watu waliotangulia, hilo mwachie wakili na daktari. Lakini gharama mlizotoa mfukoni hulipwa kwa kuthibitishwa moja moja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa, eksirei, magongo, kitanda cha hospitali, basi la Mombasa, hata boti ya kuvukia Mokowe. Nahodha hatoi risiti, najua. Mwombe aandike kwenye kipande cha karatasi, atie jina na tarehe. Kipato cha mumeo nacho kitahitaji ushahidi. Watu wa punda hulipwa mkononi, basi waendee mafundi na wenye majengo aliowabebea mchanga, waseme walimlipa kiasi gani kwa siku.

Na punda. Nimefurahi umemtaja, maana wengi wangemsahau. Bima ambayo sheria inalazimisha ni ya mwili na roho ya mtu. Punda huhesabiwa mali. Huenda bima ya pikipiki ile ikagusa mali ya watu, huenda isiguse. Ikiwa haigusi, thamani ya punda inadaiwa kwa mwendeshaji na mwenye pikipiki wenyewe, katika kesi hiyohiyo. Andika alinunuliwa lini, kwa nani, kwa bei gani.

Kuna mawili magumu zaidi. La kwanza: huenda mkakuta pikipiki haina bima. Hapo mtu wa Mpeketoni hachomoki, maana kijana alikuwa akimfanyia kazi na kumpelekea hesabu. Atashtakiwa pamoja naye. Lakini hukumu dhidi ya watu wasio na mali hukaa kwenye faili, na hapo ndipo wazee wetu wanapofaa kweli. Wakae, wapange malipo ya kila mwezi, yaandikwe, na makubaliano hayo yapelekwe mahakamani yawe amri. Suluhu namna hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Karatasi ya 8,000 haikuwa suluhu.

La pili ni mumeo. Dai ni lake, mwanangu, si lako. Ana akili timamu, na bila sahihi yake hakuna wakili wa haki atakayelishika. Usimsukume. Msomee barua hii. Mwambie kwamba kadari tunaiamini sote, na haki ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine nayo ni amana. Akitaka kusamehe, asamehe baada ya kujua anasamehe nini na kumsamehe nani. Mwulize tu watoto wanne watakula nini mwaka ujao kama mguu haukurudi kubeba mchanga.

Nakumbuka Amu ya magari mawili matatu ya serikali, ambapo kelele kubwa mtaani ilikuwa ni sauti ya mtu akiita "nipisheni" mbele ya punda. Pikipiki zimekuja na vijana wetu wanakula kwazo. Zimepigwa marufuku Mji wa Kale, lakini Wiyoni, Kashmiri na Gardeni zinapita usiku na mchana. Wenye pikipiki wanaosoma safu hii nawaomba: angalieni leo bima zenu zinaisha lini, na kama ni za kubeba abiria au za matumizi ya nyumbani tu. Anayebeba abiria kwa bima ya nyumbani, siku ya ajali kampuni itamkana.

Nawe, mwanangu, leo jioni nenda kwa mama wa kijana. Kesho asubuhi, mkiisha kuuza mahamri, nendeni polisi, wewe na mumeo na magongo yake. Mkipata namba ya OB niandikie, nami nitakuelekeza la kufuata.

Shangazi