Kufyeka na kuziba makorongo ni mazoezi pia

Mwenye shinikizo la damu au kisukari aondokapo zahanati, aghalabu huambiwa, "Uwe ukitembea." Ushauri huo ni mwema. Shirika la Afya Duniani, WHO, lapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka, kwa muda usiopungua dakika 150 kila wiki. Lakini atembelee wapi? Barabarani kuna matatu na bodaboda zisizomjali mwenda kwa miguu. Nacho kijia cha msituni au cha kando ya mto, kikinyeshewa misimu miwili bila ya kuguswa na jembe, hugeuka korongo. Mzee wa miaka 70 akiteleza humo na kuvunjika nyonga, huenda asitembee tena bila ya mkongojo. Hata asipoanguka, hofu peke yake yatosha kumrudisha kitini.

Kwa hivyo kutunza kijia ni kazi ya afya, na haimhitaji daktari.

Wakazi wa Nairobi wamejifunza jambo hili kutokana na msitu wa Karura. Mnamo Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti huko, wakipinga kugawanywa kwa ardhi ya msitu. Msitu uliokolewa, lakini kwa miaka mingi baadaye watu waliogopa kuingia kwa sababu ya majambazi. Mambo yalibadilika baada ya 2009, wakazi walipoungana katika chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura na kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Ua ulijengwa, walinzi wakaajiriwa na vijia vikatengenezwa. Leo hii huko utaona akina mama wakitembea na watoto wao.

Ikiwa wewe na majirani mna kijia chenu, anzeni kwa kuomba ruhusa. Msitu wa serikali haufyekwi kiholela. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu wenyeji kushiriki kupitia vyama vyao, kwa makubaliano na KFS. Afisa wa msitu atawaonyesha pia mimea ipi ing'olewe na ipi iachwe.

Wengi hukimbilia panga, kwa kuwa kufyeka huonekana na kusifiwa. Lakini adui mkubwa wa kijia ni maji. Yakipata njia ya kuteremka katikati ya kijia, huchimba mfereji. Watu huukwepa kwa kukanyaga kandoni, majani hufa, na kijia huzidi kupanuka na kuharibika. Basi mvua ikinyesha, vaa gambuti ukatazame maji yanapitia wapi. Hapo ndipo pa kazi. Ubavuni mwa kilima, kijia kiinamie kidogo upande wa bonde, kama sentimita tano kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke badala ya kukifuata. Penye mteremko mkali, wekeni tuta la mawe au gogo lililozikwa nusu, likatize kijia kwa mshazari na kuyatoa maji nje. Tuta lililonyooka moja kwa moja huyazuia tu, nayo hulibomoa.

Mwili nao hupata faida yake. Kulima, kubeba mawe na kusukuma wilbaro hutumia misuli ambayo matembezi hayaifikii sana, na WHO hutaka misuli ifanyishwe kazi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Hata hivyo, asiyezoea asianze kwa gogo. Achukue reki, apumzike kila mara na kunywa maji. Unapoinua jiwe, kunja magoti na ulishike karibu na kifua. Ukiinama kwa kiuno utaumia mgongo. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, na akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache kazi na kupelekwa hospitali.

Wenye mapanga wasikaribiane. Atakayechomwa na msumari au mwiba aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati kuulizia chanjo ya pepopunda. Kuhusu nyoka, vichaka vipigwe kwa fimbo kabla ya kutia mkono. Mtu akiumwa, msichanje, msinyonye wala msifunge kamba. Mvueni pete na saa, atulie, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na abebwe hadi hospitali upesi.

Kazi hii haimaliziki kwa siku moja. Matuta hujaa tope mvua kubwa za kwanza zinaponyesha, kwa hivyo yafukuliwe kabla ya mvua za Machi, na tena kabla ya vuli ya Oktoba. Watu wanne wenye majembe mawili na beleshi wanaweza kuianza Jumamosi asubuhi, jua halijawa kali.