SOMO: RATIBA YA MSIMU NA UTULIVU WA WATUMISHI WA CHAMA CHA MSINGI

Shabaha ya somo

Somo hili limekusudiwa kwa wajumbe wa bodi, makatibu, makarani wa mizani na watunza ghala wa vyama vya msingi vya wakulima wa korosho, pamoja na vikundi vya wanachama vinavyojifunza mambo ya ushirika. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba dhiki inayowapata watumishi wakati wa msimu haitokani na wingi wa kazi peke yake. Hutokana hasa na kazi isiyopangiwa saa, na mtumishi asiye na mamlaka ya kuilinda saa iliyopangwa. Baada ya kujifunza somo hili, bodi yapasa iweze kuandika ratiba ya msimu, kuibandika ubaoni na kuitetea.

Hali ilivyo wakati wa msimu

Katika mikoa ya kusini mwa Tanzania, korosho huuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi za ghala, ulioanza kutumika kwa zao hilo mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Mkulima huleta korosho zake katika ghala la chama cha msingi, hukaguliwa ubora, hupimwa, naye hupewa stakabadhi. Kisha mzigo husafirishwa hadi ghala kuu, huuzwa mnadani, na malipo hupitia benki. Kila hatua ina karatasi yake, na karatasi hizo zote hutegemea tarakimu za kwanza zilizoandikwa na karani aliyeketi kando ya mizani.

Kwa kawaida msimu hufunguliwa mwezi wa Oktoba. Tarehe ya mnada ikisikika, kila mkulima hutaka mzigo wake uwahi. Mawingu yakianza kukusanyika, haraka huzidi, kwa kuwa korosho ikinyeshewa huharibika na kushuka daraja. Hivyo watu mia moja hufika siku moja, na kesho yake hafiki hata mmoja. Karani hupima tangu alfajiri hadi usiku kwa mwanga wa taa, hula chakula akiwa amesimama, na simu ya mkononi hulia mfukoni bila kukoma: huyu auliza fedha, yule auliza magunia, mwingine auliza lori. Akifika nyumbani usingizi haumjii, maana idadi ya magunia ghalani haikukubaliana na daftari.

Aghalabu wajumbe hulitazama jambo hilo kuwa ni udhaifu wa karani. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukweli ni kwamba hata karani hodari, akiwekwa katika hali hiyo kwa wiki nyingi mfululizo, atakosea.

Dhiki ya kazi ni nini

Mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye, aliyefanya utafiti wake Montreal nchini Kanada, alieleza kwamba mwili una namna ya jumla ya kuyaitikia mashaka ya aina mbalimbali. Mtu akibanwa, adrenalini huingia katika damu, moyo hupiga upesi, misuli hukaza, na fahamu hukaa macho. Kwa muda mfupi hali hiyo ni msaada, nayo ndiyo imwezeshayo mkulima kuziokoa korosho alizoanika mvua inapoanza kudondoka. Lakini ikidumu siku baada ya siku bila mapumziko, huharibu usingizi, hupandisha shinikizo la damu, hupunguza kumbukumbu na huzaa hasira za upesi. Hali hiyo inayodumu ndiyo iitwayo msongo wa mawazo.

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek, akitumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden, alionyesha jambo lililo muhimu sana kwa viongozi wa vyama. Dhiki kubwa huwapata hasa wale ambao kazi yao inadai mengi, huku wao wenyewe wakiwa na uwezo mdogo wa kuamua jinsi ya kuifanya. Karani wa mizani ni mfano dhahiri. Hachagui nani aje lini, hajui lori litafika saa ngapi, wala hana ruhusa ya kusema, "Leo basi."

Tena, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko mtu afanyaye saa 35 hadi 40. Kwa hiyo jambo hili lahusu uhai wa watumishi, wala si starehe zao tu.

Hasara inayomfikia mkulima

Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenyewe huandikwa na mkono wa mtu, na mkono uliochoka hupotoka. Mathalani, mizani yaonyesha kilo 86, naye karani aandika 68. Zimepotea kilo 18. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, mkulima amepunjwa shilingi 54,000. Hakuna mtu aliyeziiba. Zimepotea kati ya macho yaliyochoka na ncha ya kalamu. Hata hivyo mkulima hatasema kwamba karani alichoka. Atasema kwamba chama ni cha wezi, na msimu ujao huenda akaziuza korosho zake kwa wanunuzi wa kangomba.

Hapa yafaa makarani wakumbuke kanuni moja ya watunza hesabu. Tarakimu mbili zinapobadilishana nafasi, tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Tofauti ya 86 na 68 ni 18. Tofauti ya 254 na 245 ni 9. Kwa hiyo, jumla mbili zisipokubaliana na tofauti yake ikagawanyika kwa 9, kwanza zitafutwe tarakimu zilizopinduka, kabla ya kumshuku mtu yeyote. Kanuni hii haithibitishi kila kosa, ila huwaepusha watumishi na usiku mwingi wa mashaka. Na utafutaji huo hufanikiwa zaidi siku ileile, kungali mchana, watu na magunia yangali yanakumbukwa.

Ratiba ya siku

Ratiba ifuatayo ni mfano. Kila chama kiirekebishe kwa kadiri ya mahali pake.

Saa 1:30 hadi 2:00 asubuhi: mizani ijaribiwe kwa jiwe la uzito unaojulikana, vitabu na magunia viwekwe tayari.

Saa 2:00 hadi 6:30 mchana: kupokea na kupima.

Saa 6:30 hadi 7:30: chakula na mapumziko. Mizani ifungwe kabisa.

Saa 7:30 hadi 9:00 alasiri: kupokea na kupima.

Saa 9:00 hadi 10:30: kufunga hesabu za siku, kuhesabu magunia ghalani, karani na mtunza ghala kutia sahihi zao pamoja, na kujibu maswali ya wanachama.

Hizo ni saa 8 za kazi, nazo kwa siku tano ni saa 40. Jumamosi, kazi zikianza saa 1:30 na kwisha saa 6:30 mchana, huongezeka saa 5 za kupanga ghala, kushona magunia na kupatanisha vitabu vya wiki. Jumla ni saa 45.

Jumla hiyo si ya kubahatisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka saa 45 kuwa kikomo cha saa za kawaida kwa wiki, na saa 9 kwa siku. Saa za ziada zahitaji makubaliano, hazizidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mtumishi aliyefanya kazi saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya saa moja. Kuna wasimamizi ambao vifungu hivyo haviwahusu, lakini mwili wa msimamizi huchoka kama miili mingine, na bodi yenye busara haitamsahau katibu wake.

Kuwagawia wakulima siku

Ratiba ya watumishi haiwezi kusimama ikiwa wakulima hawana ratiba. Na ichukuliwe kwamba kumhudumia mkulima mmoja, yaani kukagua, kupima, kuandika na kutoa stakabadhi, huchukua dakika 10. Saa 6 za kupokea zatosha wakulima 36. Bodi isiwaite wote 36. Iwaite 30, na nafasi 6 ziachwe kwa ajili ya wazee, wagonjwa na waliokwama njiani. Kwa siku tano, wakulima 150 watakuwa wamehudumiwa. Chama chenye wanachama 300 kitaweza basi kumpa kila mmoja siku yake mara moja katika kila wiki mbili, kitongoji kwa kitongoji. Tarehe hizo zipatanishwe na ratiba ya minada kabla ya kubandikwa, ili kitongoji kimoja kisikose mnada kila mara huku kingine kikiuwahi.

Mgawanyo huo uamuliwe na wanachama wenyewe katika mkutano kabla ya msimu. Mkulima aliyeshiriki kuichagua siku yake huilinda, lakini aliyetangaziwa tu huitilia shaka.

Mamlaka ya kufunga mizani

Hili ndilo jambo kubwa katika somo hili. Ratiba iliyoandikwa vizuri huvunjwa mara nyingi kutoka juu, si kutoka chini. Mjumbe wa bodi humleta shemeji yake saa 10 jioni. Mwenyekiti hupiga simu kwamba lori la fulani lishushwe usiku. Karani akikataa, huonekana mkaidi. Akikubali, foleni nzima hudai haki hiyohiyo. Tangu hapo ratiba hubaki karatasi tu.

Kwa hiyo bodi hapana budi ipitishe azimio lililoandikwa katika kumbukumbu za mkutano, kwamba saa ya kufunga ikifika karani ana mamlaka ya kufunga mizani, na kwamba hakuna mjumbe mmoja mmoja awezaye kumwamuru aifungue. Jambo la dharura, kama vile mvua kubwa juu ya mzigo uliokwisha kufika, liamuliwe na katibu na kuandikwa katika daftari la ghala pamoja na sababu yake. Mzigo uingizwe ndani ukapimwe asubuhi, mwenyewe akiwapo. Lori la kusafirisha likifika baada ya saa 10:30, lipakiwe kesho yake.

Waasisi wa duka la ushirika la Rochdale nchini Uingereza, lililofunguliwa tarehe 21 Desemba 1844, walianza kwa kufungua jioni chache tu za wiki, nao walisifika kwa vipimo kamili na bidhaa safi. Saa chache zinazoaminika zaweza kukijenga chama.

Simu na maswali ya malipo

Maswali mengi yanayomchosha mtumishi ni swali moja linalorudiwa: "Fedha zitaingia lini?" Dawa yake ni ubao. Kila alasiri katibu aandike mambo yaliyo hakika: mzigo uliouzwa katika mnada wa tarehe fulani, bei yake, na kama malipo yamefika benki au bado. Asiandike tarehe ya kubahatisha ili kuwatuliza watu, kwani ahadi isiyotimizwa huzaa ghadhabu maradufu. Simu za wanachama zijibiwe katika saa za jioni zilizopangwa, na usiku zisipigwe ila kwa moto, wizi au maradhi.

Maandalizi kabla ya msimu

Mzigo wa Novemba hupunguzwa mwezi wa Agosti. Mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Magunia, kamba, sindano na vitabu vya stakabadhi vipatikane kabla ya mwisho wa Septemba. Namba za akaunti za benki za wanachama zisomwe upya pamoja na wenyewe, kwa sababu namba moja yenye kosa huchelewesha malipo na kumletea karani lawama asizostahili. Karani wa akiba afundishwe, ili mgonjwa apate kupumzika bila mizani kusimama. Msimu ukiisha na vitabu vikafungwa, watumishi wapewe likizo yao ya mwaka kamili.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Je, msimu uliopita mizani ya chama ilifungwa saa ngapi kwa kawaida? Nani aliamua?

2. Kumhudumia mkulima mmoja huchukua dakika ngapi katika chama hiki? Ipimweni kwa saa, kisha kadirieni idadi ya wakulima wawezao kupokewa kwa siku.

3. Jumla ya daftari ni kilo 4,732 na jumla ya stakabadhi ni kilo 4,768. Tofauti hiyo yaonyesha nini, na itafutwe wapi kwanza?

4. Mjumbe wa bodi amefika na mzigo wa ndugu yake baada ya saa ya kufunga. Karani afanye nini, na bodi imlinde vipi?

5. Andikeni azimio la sentensi tatu juu ya mamlaka ya kufunga mizani, tayari kupelekwa mbele ya mkutano wa wanachama.