Tukitaka Kuuza Picha za Angani, Tununue Droni Gani?



Somo letu la leo ni juu ya droni. Droni ni ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake. Mtu husimama chini na kuiongoza kwa rimoti. Ina pangaboi nne, betri na kamera. Kamera hiyo hupiga picha za video kutoka juu.

Vijana wetu wengi wamesikia kwamba picha hizo zinauzwa hata nchi za nje. Basi wanasema, "Tuchange fedha za kikundi, tununue droni." Wazo hilo si baya. Lakini fedha za kikundi ndizo mbegu, ndizo karo, ndizo dawa za watoto. Kwa hiyo tujifunze kwanza, ndipo tununue.

1. BIASHARA HII IKOJE?

Tunajua ghala la mahindi. Mkulima huweka mahindi, mnunuzi akija huuziwa. Picha nazo zina ghala. Kampuni kama Shutterstock, Adobe Stock na Pond5 huweka video za watu wengi. Mpiga picha hupeleka kipande kifupi kwa njia ya intaneti, kwa kawaida cha sekunde 5 hadi 60. Mtengenezaji wa filamu au tangazo akikitaka, hulipa. Kampuni huchukua sehemu yake, na mpiga picha hupata iliyobaki. Kwa mfano, Adobe Stock humpa mpiga picha 35 katika kila 100 ya bei ya video.

Uzuri wake ni kwamba kipande kimoja kinaweza kuuzwa mara nyingi. Ubaya wake ni kwamba kinaweza kukaa miaka bila kununuliwa. Ghalani mna mamilioni ya vipande. Picha za mawingu na jua linalozama ni tele. Kilicho adimu ni kile ambacho wengine hawana: mashamba ya vitunguu saumu ya Mbulu, ukingo wa Bonde la Ufa, ng'ombe wakienda kunywa maji, Mlima Hanang asubuhi.

2. KIBALI KWANZA, DRONI BAADAYE

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hununua, halafu ndipo anauliza sheria. Nchini kwetu droni ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2018. Droni huandikishwa, na mwenye kuirusha hutafuta kibali. Wizara ya Ulinzi nayo huhusika. Kwa kuwa picha ni za kuuza, ulizeni pia Bodi ya Filamu.

Huenda mkasikia kwamba droni iliyo chini ya gramu 250 haihitaji karatasi. Neno hilo limetoka nje. Kule Marekani, droni nyepesi namna hiyo haiandikishwi ikiwa ni ya kujifurahisha tu. Sheria ya Marekani haifanyi kazi Dongobesh. Udogo wa droni si kibali.

Tena, msirushe droni ndani ya Hifadhi ya Ziwa Manyara bila ruhusa ya TANAPA. Msirushe karibu na kiwanja cha ndege, kama kile cha Haydom. Msipite mita 120 juu ya ardhi, wala msiiache ipotee machoni.

3. MAMBO MATANO YA KUANGALIA

Kwanza, ukubwa wa picha. Wanunuzi wengi hutaka video ya 4K. Maana yake ni picha yenye nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo. Droni za bei ndogo sana huandikwa 4K kwenye boksi, lakini picha yake ni hafifu. Ombeni kuona video iliyopigwa na droni hiyo hiyo.

Pili, utulivu. Kamera ishikwe na mkono wa mota unaoituliza pande tatu. Droni ikitikisika, picha isitikisike. Droni isiyo na mkono huo ni ya kuchezea tu.

Tatu, kipokea mwanga. Hiki ni kibamba kidogo ndani ya kamera. Kikiwa kikubwa, hukusanya mwanga mwingi. Mwanga mzuri wa kupigia picha ni wa alfajiri na jioni, nao ni mdogo. Hapo ndipo kipokea mwanga kikubwa huonyesha faida yake.

Nne, upepo na mwinuko. Sisi tunakaa nchi ya juu. Sehemu nyingi za Mbulu ziko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Hanang kinapita mita 3,400. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo pangaboi hufanya kazi zaidi na betri huisha upesi. Upepo nao husukuma. Droni ikienda na upepo huonekana ina nguvu. Taabu ni wakati wa kurudi. Basi anzeni safari kwa kuukabili upepo, ili mrudi nao.

Tano, betri. Dakika zilizoandikwa na kiwanda hupimwa mahali pasipo upepo. Ikiandikwa 34, tegemeeni 20 na kidogo, maana lazima mrudi chini kabla betri haijaisha. Hesabuni betri tatu, na mjue mtachajia wapi.

4. TULINGANISHE DRONI TATU

Tumechagua tatu za kampuni ya DJI ya China. Zipo aina mpya zaidi, lakini hizi zinatosha kutufundisha.

Mini 4 Pro, ya mwaka 2023. Uzito wake hauzidi gramu 249. Huruka dakika 34. Huvumilia upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, yaani kama kilomita 38 kwa saa. Ni nyepesi kubeba mlimani.

Air 3, ya mwaka 2023 pia. Uzito gramu 720. Dakika 46. Huvumilia upepo wa mita 12 kwa sekunde. Ina kamera mbili: moja ya kuona eneo pana, nyingine ya kuvuta karibu. Inaweza kupiga ng'ombe kutoka mbali bila kuwashtua.

Mavic 3, ya mwaka 2021. Uzito gramu 895. Dakika 46. Upepo mita 12 kwa sekunde. Kipokea mwanga chake ni kikubwa kuliko cha zile mbili. Bei yake nayo ni kubwa kuliko zote.

Zote tatu hupiga 4K, na zote zina mkono wa kutuliza kamera.

5. HEBU TUPIGE HESABU

Tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme droni, betri na vibali vimegharimu shilingi 4,000,000. Kipande kimoja kimeuzwa dola 60. Sehemu yetu ni 35 kwa 100, yaani dola 21. Tuseme dola 1 ni shilingi 2,500. Basi tumepata shilingi 52,500.

4,000,000 gawa kwa 52,500 ni 76 na kitu. Kwa hiyo lazima vipande vyetu viuzwe mara 77 ndipo fedha irudi. Bado hatujapata faida hata senti! Na droni ikianguka siku ya tatu, je? Ulizeni benki pia malipo hayo ya nje yatawafikia kwa njia gani.

6. WATU WALIO CHINI

Kutoka juu tunaona ua wa mtu, mifugo yake na makaburi yake. Wilayani Hanang watu wana sababu ya kutoamini wapimaji. Kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yalichukua malisho ya Wabarabaig, na hata makaburi ya wazee, yale ya bung'eda, yalilimwa. Leo kitu kikinguruma juu ya boma bila taarifa, wazee watauliza, "Ardhi yetu inapimwa tena?" Kwa hiyo nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wazee.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaufikia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Picha za angani zinaweza kuonyesha njia ya tope na mahali pa hatari, na hiyo ni kazi njema. Lakini kuuza sura ya mtu aliyefiwa kama mzigo wa ghalani si jambo la heshima.

Makampuni hudai hati ya ridhaa, yenye sahihi ya mtu anayetambulika katika picha ya tangazo. Hapo kisomo chetu kina kazi. Ukiletewa hati hiyo, isome yote kabla ya kutia sahihi. Usipoielewa, usitie.

SHAURI LETU

Kikundi kisianze kwa kununua. Kwanza kikodi droni pamoja na mtu mwenye kibali, kwa siku moja au mbili. Kipeleke vipande ghalani, kisha kingoje kione. Vikianza kuuzwa, na kama kuna kazi nyingine za hapa hapa, kama harusi na kukagua mashamba, ndipo kinunue. Kwa upepo wetu, tungechagua Air 3 kuliko Mini. Kama safari zenu ni za kupanda mlima kwa miguu, Mini itawafaa, ila siku ya upepo mkali ibaki begani. Mavic 3 ingoje mpaka biashara yenyewe iweze kuilipia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini droni ndogo nayo inahitaji kibali?
2. Kipande kikiuzwa dola 80, sehemu yetu ya 35 kwa 100 ni dola ngapi?
3. Kwa nini tuanze safari kwa kuukabili upepo?
4. Kijijini kwetu kuna mahali gani pasipofaa kupigwa picha? Nani aulizwe?