Dondoo muhimu: Foleni ya zahanati inaanzia wapi?

Chukua saa, upime kila hatua inahudumia watu wangapi kwa saa. Tuseme mapokezi 30, daktari 8, maabara 12, dirisha la dawa 20. Zahanati nzima basi haiwezi kuzidi 8. Tena anayerudi na majibu ya maabara humwona daktari mara ya pili, hivyo uwezo halisi uko chini zaidi, pengine 6. Karani wa pili mapokezi atahamisha tu watu kutoka benchi moja kwenda jingine.

Kukadiria muda, tumia kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961: gawanya idadi ya waliomo ndani kwa wanaotoka kila saa. Wakiwa 24 na wanatoka 6, kila mmoja atakaa wastani wa saa 4.

Usijivunie daktari asiyepumua. Wagonjwa hawaji kwa mpangilio. Kwa hesabu za kawaida za foleni ya mhudumu mmoja, akishughulika asilimia 80 ya muda wake, kusubiri hufika mara 4 ya muda wa huduma. Kwa asilimia 90, mara 9. Anayeumia ni mama aliyebeba mtoto mwenye homa.

Mpunguzie daktari mzigo: muuguzi apime joto, uzito na shinikizo la damu mapema. Wanaofuata dawa za kila mwezi wapangiwe siku tulivu, si Jumatatu asubuhi. Kisha pima upya, maana kikwazo huenda kimehamia maabara.