Uvimbe Adimu wa Ovari: Kemo Baada ya Upasuaji

Binti yako ametolewa uvimbe tumboni, kidonda hakijakauka vizuri, na sasa daktari anataja kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Ana miaka 17. Wewe umezoea kusikia kwamba saratani ya ovari, yaani vile viungo viwili vinavyotunza mayai ya mwanamke, ni ugonjwa wa kina mama waliopita hamsini. Hukusikia vibaya, kwani aina iliyozoeleka huwapata wao. Lakini zipo aina adimu. Moja huanzia kwenye seli zinazozaa mayai, na hii huwapata hasa wasichana na wanawake walio chini ya miaka 30. Nyingine, iitwayo granulosa, huanzia kwenye seli zinazotengeneza homoni za kike.

Aina ile ya seli za mayai ndiyo nitakayoieleza zaidi, kwa sababu ndiyo ambayo kemo huiponya. Wagonjwa wengi hupona kabisa, hata baadhi ya wale ambao uvimbe ulikuwa umeshasambaa. Ila dawa hizi zina ratiba yake, na ratiba ikivurugwa nafasi ya kupona hupungua.

Kwanza, je, kila mgonjwa anahitaji kemo? La. Uvimbe ukitolewa ukiwa mzima, kwenye ovari moja tu, na ukiwa wa aina ya disjeminoma au teratoma changa ya daraja la kwanza, daktari anaweza kuamua kumfuatilia tu kwa vipimo. Inayotoa jibu hilo ni ripoti ya patholojia, ile karatasi ya maabara iliyochunguza nyama iliyokatwa. Usiondoke hospitali alikofanyiwa upasuaji bila nakala yake. Omba pia vioo vya maabara na kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta, kwa kuwa hospitali ya rufaa itataka kujionea yenyewe. Uvimbe huu ni nadra, na mtaalamu asiyeuona mara kwa mara anaweza kuupa jina lisilo lake.

Karatasi ya pili ni ya damu. Uvimbe wa seli za mayai humwaga kwenye damu vitu vinavyopimika: AFP, LDH na hCG. Hiyo hCG ndiyo homoni inayopimwa kujua kama mwanamke ana mimba. Kwa hiyo msichana mwenye uvimbe anaweza kuvimba tumbo, akapimwa mkojo, na kipimo kikasema ana mimba ilhali hajamjua mwanamume. Wazazi na walimu, kabla hamjamgombeza mtoto, mpelekeni kwanza apigwe picha ya tumbo, ile ultrasaundi.

Vipimo hivi vya damu hurudiwa kabla ya kila awamu ya dawa. Mambo yakienda vizuri, AFP hupungua kwa nusu kila baada ya siku 5 hadi 7. Nunua daftari, uandike tarehe na namba. Ikiacha kushuka, au ikianza kupanda, muulize daktari siku hiyohiyo.

Kemo yenyewe mara nyingi ni mchanganyiko wa dawa tatu unaoitwa BEP: bleomisini, etoposidi na sisplatini. Awamu moja ni siku 21. Siku 5 za mwanzo mgonjwa hupata etoposidi na sisplatini kila siku kupitia mshipa, na hospitali nyingi humlaza. Bleomisini hutolewa mara moja kwa wiki. Kwa kawaida awamu ni 3 ikiwa uvimbe wote ulitolewa, au 4 ikiwa umesambaa au kuna mabaki. Hesabu basi wiki 9 hadi 12.

Na huanza lini? Uvimbe unaokua kwa kasi hausubiri, hivyo madaktari hupenda kuanza ndani ya siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji, mgonjwa akishapata nguvu kidogo. Hapa ndipo familia nyingi hukwama, wakiitisha mchango, wakingoja mjomba arudi, au wakijaribu mitishamba kwanza. Mchango uendelee, lakini mgonjwa awe tayari ameonwa kliniki ya saratani.

Siku ya dawa utashangaa kuona chupa nyingi za maji ya mshipa kuliko dawa. Maji hayo ni ya kuzilinda figo, kwa sababu sisplatini inaweza kuziumiza. Mgonjwa atakojoa sana, na ndivyo inavyotakiwa. Akiacha kukojoa, mwite muuguzi. Katika miezi hii asimeze dikilofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu bila ruhusa, maana nazo huzilemea figo. Mitishamba ni hivyohivyo, hata kama jirani anaapa ilimponya shangazi yake.

Kichefuchefu kipo, lakini siku hizi dawa za kukizuia hutolewa kabla ya kemo. Ameze zile alizopewa kutumia nyumbani kwa saa zake, asingoje mpaka atapike. Nywele zitakatika na zitaota tena. Masikio yakivuma au vidole vikifa ganzi, aseme, kwani ni sisplatini. Usiku wa siku ya bleomisini anaweza kutetemeka na kupata homa. Dawa hiyo pia huacha mistari ya kahawia mgongoni mahali alipojikuna. Mistari hiyo haina madhara. Kikohozi kikavu au kuishiwa pumzi akipanda ngazi ndiko kwa kuogopwa, kwa maana bleomisini huweza kudhuru mapafu. Hilo lisemwe kabla ya kuwekewa dozi nyingine.

Nunua kipimajoto. Kati ya siku ya 7 na ya 14 ya kila awamu, chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hupungua sana. Joto likifika nyuzi 38, hata usiku wa bleomisini, usimpe panado ukalala ukingoja asubuhi. Mpeleke idara ya dharura saa hiyohiyo, hata ikiwa saa nane za usiku, na mlangoni sema, "Huyu yuko kwenye kemo." Maneno hayo humwondoa kwenye foleni. Apewe antibiotiki ndani ya muda mfupi. Maambukizi kwa mtu asiye na kinga huua kwa saa, wala si kwa siku.

Je, atazaa? Swali hili binti mwenyewe huogopa kuuliza, kwa hiyo muulizie. Mara nyingi daktari hutoa ovari iliyougua tu, akaacha nyingine na mji wa mimba. Hedhi inaweza kukatika wakati wa kemo, na kwa wengi hurudi baada ya miezi kadhaa. Wengi waliotibiwa hivi wamezaa watoto wazima. Akiwa kwenye dawa asipate mimba, na baadaye asubiri mpaka daktari aridhike.

Hapa Kenya, kemo hupatikana hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi, hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kaunti ya Kiambu, Moi Eldoret, na vituo vya saratani vya Mombasa, Nakuru na Garissa. Tanzania kuna Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi. Uliza kama BEP inaweza kutolewa karibu nawe baada ya mtaalamu kuipanga, maana nauli na malazi ya wiki 12 humaliza mfuko haraka.

Kuhusu gharama, nchini Kenya bima ya afya ya serikali, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kujisajili ni bure kwa *147#. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Asiye na ajira hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo jisajili leo, usingoje tarehe ya kemo. Kifurushi cha saratani kilipoanza kilikuwa Sh550,000 kwa kaya kwa mwaka, na viwango hivi hubadilishwa. Nenda kwenye dawati la SHA hospitalini kabla ya kila awamu, uulize salio na idhini. Salio likipungua, muone afisa wa ustawi wa jamii kabla deni halijakua.

Mwenye granulosa njia yake ni tofauti. Uvimbe ukiwa bado kwenye ovari, mara nyingi upasuaji hutosha. Tatizo lake ni kurudi baada ya miaka mingi, hata 10 au 20, hivyo kliniki asiache kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Kwa wa BEP, miaka 2 ya kwanza ndiyo ya kufuatiliwa kwa karibu, damu ikipimwa kila baada ya miezi michache. Na andika kwenye faili lake, kwa herufi kubwa: ALIPEWA BLEOMISINI. Akija kufanyiwa upasuaji wowote, hata wa kujifungua, mtoa nusukaputi lazima aambiwe, maana oksijeni nyingi inaweza kuyadhuru mapafu yaliyopitiwa na dawa hiyo.